Chicago Maroons: timu ilifutwa mwaka gani hasa, na nini kiliiua?

Mdadisi_Kale:
Wadau, habari zenu. Naandaa makala kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago na miaka inanichanganya. Kuna wanaosema ilifutwa 1939, wengine 1940, wengine 1946, na wakati huohuo chuo hicho leo kina timu inayocheza. Nimekuta pia madai kwamba walifukuzwa Big Ten, ligi yao ya vyuo, baada ya kupigwa 85-0 na Michigan, na kwamba uwanja wao ulichukuliwa kwa ajili ya bomu la atomiki. Lipi la kweli hapo?

SafuYaMbele:
Mkuu, hapo kuna vitu vitatu vimefungwa furushi moja: timu, uanachama wa ligi, na uwanja. Kila kimoja kina mwaka wake.

Timu: uamuzi wa bodi ya wadhamini ulitangazwa 21 Desemba 1939, mechi za msimu zikiwa zimeshakwisha. Msimu wa mwisho ni wa 1939. Vuli ya 1940 ndiyo ya kwanza bila timu. Anayeandika 1940 anahesabu kuanzia pale palipokosekana mechi. Wewe andika 1939.

Ligi: Chicago ni mmoja wa vyuo saba vilivyoanzisha ligi hiyo 1896, pamoja na Illinois, Michigan, Minnesota, Northwestern, Purdue na Wisconsin. Baada ya kufuta futiboli waliendelea kubaki mle kwa michezo mingine hadi walipojitoa wenyewe 1946. Hakuna aliyewafukuza. Michigan State ndiyo iliyokuja kuingizwa mahali pao, 1949.

Uwanja: ni kweli kwamba tarehe 2 Desemba 1942 kundi la Enrico Fermi liliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia, Chicago Pile-1, ndani ya chumba cha mchezo wa raketi chini ya majukwaa ya magharibi ya Stagg Field. Lakini hiyo ni karibu miaka mitatu baada ya timu kufutwa. Nafasi ilikuwepo kwa kuwa futiboli ilikuwa imeshaondoka, si kinyume chake. Leo pale pamesimama maktaba ya Regenstein, iliyofunguliwa 1970.

Mdadisi_Kale:
Ahsante sana mkuu. Sasa sababu. Kila mahali nasoma "rais wa chuo, Hutchins, aliichukia michezo" halafu basi. Inatosha kweli?

Kumbukumbu_za_Dimba:
Haitoshi. Robert Maynard Hutchins alishika urais 1929 akiwa na miaka 30, na kufuta alifuta mwishoni mwa 1939. Miaka kumi ni mingi kwa mtu anayesukumwa na chuki tu. Kilichotokea katikati ni kwamba timu ilikauka, na ilikauka kwa sababu zinazoonekana.

Anzia mbali kidogo. Rais wa kwanza wa chuo, William Rainey Harper, alimwajiri Amos Alonzo Stagg si kama kocha tu bali kama mkuu wa idara mwenye hadhi ya mwalimu wa chuo, jambo geni wakati ule. Stagg alifundisha timu kuanzia 1892 hadi 1932 akachukua mataji saba ya ligi: 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Mwaka 1905 waliifunga Michigan 2-0, wakakatisha mfululizo wa mechi 56 ambazo Michigan haikupoteza. Angalia pengo baada ya 1924: hakuna taji tena. Dalili zilianza mapema, Hutchins hajafika.

Vyuo vya jimbo vilivyowazunguka vilikuwa vinakua kwa kasi, vina wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza na vina kozi ambazo mchezaji angeweza kuzimudu huku akifanya mazoezi. Chicago ikaenda njia nyingine. Mtaala mpya wa 1931 uliwalazimu wanafunzi kupitia masomo ya jumla yanayopimwa kwa mitihani mikubwa ya pamoja, na hapakuwa na shahada ya elimu ya viungo ya kumpa mchezaji pa kujishikiza. Ruzuku kwa wachezaji hapakuwa nayo. Stagg alipofikisha miaka 70 alistaafishwa kwa kanuni ya umri, akaenda College of the Pacific. Clark Shaughnessy akarithi kikosi chembamba.

Na wembamba ule uliuma kuliko unavyofikiri ukiangalia mchezo wa leo. Sheria za wakati huo zilibana ubadilishaji, hivyo wachezaji walewale walishambulia na kulinda. Timu yenye benchi zito iliwapumzisha watu wake kwa zamu. Chicago ilikuwa na wachache wa kutegemewa, na kufikia nusu ya pili miguu ilikuwa imeisha. Ndiyo maana matokeo ya 1939 yana sura ile: Harvard 61-0, Michigan 85-0, Virginia 47-0, Ohio State 61-0, Illinois 46-0, na hata Beloit, chuo kidogo, 6-0. Jumlisha: pointi 306 katika vipigo sita, wao hawakupata hata moja. Pointi zao zote 37 zilitoka kwenye ushindi dhidi ya Wabash (12) na Oberlin (25).

Kocha wa Michigan siku ya 85-0 alikuwa Fritz Crisler, aliyewahi kucheza Chicago chini ya Stagg. Usiache hilo kwenye makala.

Mdadisi_Kale:
Lakini tuzo ya kwanza ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, 1935, alipewa Jay Berwanger wa Chicago. Timu dhaifu inatoaje mchezaji bora wa nchi?

KonaFupi:
Mtu mmoja hajazi kikosi, ndugu. Msimu huohuo Chicago ilishinda mechi nne na kupoteza nne. Angalia pia usiseme alipewa "Heisman" bila maelezo: 1935 tuzo iliitwa kwa jina la klabu iliyoitoa, Downtown Athletic Club ya New York, jina la Heisman liliwekwa 1936. Mwaka huo wa 1936 Berwanger akawa wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, yaani zoezi la timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wa vyuo. Philadelphia Eagles walimchagua, haki zake zikahamia Chicago Bears, hawakuelewana malipo, na hakucheza hata mechi moja ya kulipwa.

Nami sikubali kabisa hoja kwamba tatizo lilikuwa kocha. Shaughnessy aliondoka akaenda Stanford, na 1940, msimu wake wa kwanza kule, timu ilishinda mechi zote kwa mfumo wa T (wachezaji wa nyuma wanapangwa kwa umbo la herufi T), ikaifunga Nebraska 21-13 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Kocha yuleyule, tofauti ni wachezaji.

SafuYaMbele:
Nimalizie la timu ya leo. Mchezo ulirudi kwanza kama darasa na klabu. 1963 baadhi ya wanafunzi waliketi katikati ya uwanja kuupinga. Timu rasmi ilirudi 1969 na sasa iko Divisheni ya III, ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mwaka 2017 futiboli yao iliingia ligi ya Midwest Conference.

Kwenye kisanduku cha takwimu weka "1892–1939, 1969–sasa", na uanachama wa Big Ten "1896–1946". Usijumlishe mataji ya Stagg na rekodi za Divisheni ya III kwenye safu moja. Ukikuta "Monsters of the Midway", kagua mwaka kwanza: jina hilo la utani lilikuwa la Maroons kabla Bears hawajalichukua, kwa hiyo chanzo cha zamani huenda kinazungumzia chuo.