Naomba ushauri: nibadili jiko la kuni au bomba la moshi kwanza?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa anayeyajua haya majiko ya kuni ya kupashia joto. Nina karakana ya useremala mita 6 kwa 5, paa liko juu, asubuhi baridi inang'ata mpaka gundi inagoma kushika. Jiko langu ni la bati jembamba, linawaka fresh ila kuni zikiisha tu baridi inarudi palepale, na nikifungua mlango moshi wote unanijia usoni. Bomba ni inchi 4, lina kona mbili kabla ya kutoka nje. Juzi nimelifungua nikakuta masizi yanang'aa kama lami, nikaogopa maana chini maranda kila mahali, nafagia lakini wapi. Nimejaribu kuni zilizokaa kivulini zaidi ya mwaka, moshi umepungua kidogo tu.

Sasa, nianze na bomba la inchi 6 lililonyooka japo mdomo wa jiko ni inchi 4, au ninunue jiko kabisa? Na kama ni jiko, la chuma cha kusubu (kile kizito cha kumiminwa kwenye kalibu) au la bati nene lenye matofali ya kuhimili moto ndani, lipi linatunza joto zaidi?