Msaada wakuu: pentaleni inanigomea na utetezi wa tasnifu umekaribia

Mwanakaboni: Wakuu, niko uzamili wa kemia. Nakokotoa kwa kompyuta molekuli ya pentaleni, C8H6, pete mbili za kaboni tano zilizoungana ubavu. Frikwensi moja ya mtetemo inatoka na alama ya kutoa, yaani muundo haujatulia. Nitumie mbinu gani ipotee? Usingizi sipati.

Bi Maabara: Umeanza na muundo upi?

Mwanakaboni: Ule wa kawaida tu.

Mkongwe: Enzi zetu idara nzima tuligombania kompyuta moja. Umeme ukikatika, kazi ya usiku kucha imekwenda. Tafuta betri kwanza.

Bi Maabara: Mdogo wangu, nijibu. Ulifunga simetria, yaani uliilazimisha molekuli ibaki na ulinganifu uleule?

Mwanakaboni: Nilifunga D2h, dada, ile simetria ya juu ambapo vifungo havipokezani. Na sura ya nne iko kwa msimamizi tayari. Mstari wa frikwensi ile sikuuweka kwenye jedwali. Lakini azuleni, pete ya kaboni tano na ya saba zilizoungana, niliifunga kwa simetria yake ya C2v ikatulia! Hii ina nini?

Mcha Mungu: Kuficha mstari ni uongo, kijana. Elimu ni amana.

Bi Maabara: Azuleni ina elektroni 10 za pai, zile zinazotandaa kwenye pete, pentaleni 8. Kwenye pentaleni hali ya chini na hali ya msisimko zimekaribiana mno. Molekuli ikipinda kidogo zinachanganyika, nishati inashuka. Ndiyo athari ya Jahn-Teller ya daraja la pili. D2h yako ni kizingiti tu cha nishati kati ya miundo miwili iliyotulia ya C2h, simetria ya chini zaidi, vifungo vifupi na virefu vikipokezana. Unachokificha ndicho matokeo yenyewe.

Mpima Chai: Hii chai. Mtu wa uzamili hajui kufungua simetria? Anatafutiwa majibu ya zoezi. Weka faili.

Mwanakaboni: Faili hilo hapo, soma mwenyewe. Pete zenye vifungo vya kupokezana nimezoea kuziona zimesawazika, benzini ndivyo ilivyo. Sikubuni kitu.

Jirani: Nimelisoma, si chai. Majaribio ya maabara nayo yako upande wa dada: pentaleni tupu haikai, molekuli mbili zinaungana upesi. Mkemia Hafner mwaka 1973 aliituliza kwa kuibebesha vikundi vitatu vinene vya kaboni, vya tert-butili. Ile tupu ilikuja kunaswa ndani ya gesi ya agoni iliyogandishwa, 1997.

Bi Maabara: Sogeza atomi kufuata mtetemo ule, fungua simetria, endesha upya leo. Na mwandikie msimamizi kabla hajaifikia sura hiyo.

Mwanakaboni: Naendesha sasa hivi. Ila jedwali la azuleni siligusi.

Bi Maabara: Hilo liache, liko sawa.