Mpaka wa mitandao kwenye fremu kuu ya usambazaji: mkataba wa maunganisho useme nini?

Mwandishi_wa_Mikataba:

Ndugu zangu, nimekabidhiwa kazi ya kupitia rasimu ya mkataba wa maunganisho kati ya kampuni yenye mtandao wa simu za mezani na kampuni ndogo inayotaka kukodi njia za wateja za waya wa shaba, ili itoe huduma yake ya simu na intaneti. Kifungu cha mpaka kina sentensi moja tu, kwamba mitandao ya pande mbili itakutana kwenye fremu kuu ya usambazaji na kila upande utawajibika kwa vifaa vilivyo upande wake. Mimi ni mwanasheria, na kwa jicho la sheria kifungu hiki kinaonekana kutosha, lakini mhandisi wa kampuni ndogo anasisitiza kwamba kimeacha wazi karibu kila jambo litakaloleta ugomvi.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, fremu hiyo ikoje hasa, na mpaka uchorwe wapi ndani yake? Pili, mteja wa mtandao mmoja anapompigia mteja wa mtandao wa pili, je, simu hiyo nayo inavuka mpaka kwenye fremu hiyo hiyo?

Fundi_wa_Kituo:

Ndugu Mwandishi, mhandisi wenu anasema kweli. Fremu kuu ya usambazaji, ambayo kwenye vituo vya simu tunaiita MDF, ina pande mbili. Upande mmoja huishia kebo zote zinazotoka barabarani, kila jozi ya nyaya ikiwa na nafasi yake kwenye bloku, yaani kipande cha kufungia nyaya, na hapo ndipo hufungwa vizuia radi vinavyokinga mitambo. Upande wa pili huishia kebo fupi zinazotoka kwenye swichi, yaani mtambo wa kuunganisha simu. Katikati hupitishwa jampa, waya mwembamba wa jozi moja unaounganisha nafasi ya mteja fulani na nafasi fulani ya swichi. Mteja anapohama au anapofungiwa laini mpya, kebo haziguswi hata kidogo. Kinachoondolewa na kufungwa upya ni jampa.

Sasa mteja akihamia kampuni ndogo, jampa yake ya kwenda kwenye swichi huondolewa, na jampa mpya hupitishwa kutoka bloku ya barabarani hadi bloku nyingine ambako imeishia kebo ya kiungo, yaani kebo inayotoka kwenye fremu hadi kwenye kabati la kampuni hiyo ndani ya jengo. Kwa hiyo mkataba unaosema "kwenye fremu" umetaja vitu vitatu kwa pamoja: bloku ya barabarani, jampa, na bloku ya kebo ya kiungo. Jampa ikilegea, kwa maneno ya rasimu yako haipo upande wa yeyote, na wakati makampuni yanaandikiana barua, mteja anakaa bila simu.

Kwa maoni yangu mpaka uwekwe kwenye bloku ya kebo ya kiungo, na kila kitu kutoka hapo kurudi barabarani, jampa ikiwemo, kibaki mikononi mwa mwenye kituo. Jampa azifunge yeye peke yake, kwa sababu fundi asiyeijua fremu ile akivuta waya usio wake, mteja wa mtu mwingine hukatika na hakuna anayetambua mpaka alalamike. Lakini haki hiyo ya kuwa peke yake lazima iendane na wajibu: muda wa mwisho wa kufunga jampa tangu ombi lipokelewe, muda wa kuitengeneza ikiharibika, na fidia akichelewa. Bila hayo, mwenye fremu anaweza kumdumaza mshindani wake kwa kuchelewa tu, wala hatakuwa amevunja kifungu chochote.

Angalia pia hesabu ya jozi. Kampuni ndogo ikikodi njia nzima, mteja mmoja hutumia jozi moja ya kebo ya kiungo. Ikikodi masafa ya juu tu kwa ajili ya intaneti huku sauti ikibaki kwa kampuni ya kwanza, na kichujio cha kutenganisha masafa kikiwa kwenye kabati lake, jozi moja hupeleka laini kwenye kichujio na jozi ya pili huirudisha sauti kwenye fremu ili ifike kwenye swichi. Kebo ya jozi 100 hapo inahudumia wateja 50. Nimeona mikataba inayotoza kebo kwa jozi bila kulitaja jambo hili, na mpangaji, yaani kampuni inayokodi, akagundua wakati kebo imeshajaa.

Kanuni_na_Sera:

Naongezea upande wa kanuni, kwa kuwa swali la pili limejibiwa zamani na wadhibiti. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, katika amri yake ya Agosti 1996 ya kutekeleza Sheria ya Mawasiliano ya mwaka huo, ilitaja sehemu ambazo kampuni kongwe lazima ziruhusu maunganisho. Miongoni mwake ni upande wa laini wa swichi ya eneo, na mfano uliotolewa ni fremu kuu ya usambazaji. Halafu, kama sehemu ya pekee, upande wa njia kuu wa swichi hiyo hiyo. Kwa hiyo ni milango miwili tofauti. Upande wa laini unahusu waya wa mteja mmoja mmoja, na upande wa njia kuu unahusu mikondo ya simu nyingi kati ya swichi na swichi.

Simu unayoiuliza hupita mlango wa pili. Katika mitandao inayotumia mikondo ya kilobiti 2,048 kwa sekunde, kila mkondo ukiwa na nafasi 32 ambazo kwa kawaida 30 hubeba sauti, viungo hivyo hukutana kwenye fremu ya kidijitali, ama kwa kebo ya koaksia ya omu 75 ama kwa jozi za omu 120. Na kiungo kikiwa cha nyuzi za kioo, hukutana kwenye fremu ya nyuzi. Fremu hizo ni vifaa vingine kabisa, na mara nyingi huwa katika chumba kingine. Rasimu yako ikiiacha sentensi ile ilivyo, imeuweka mpaka wa simu zote mahali ambapo simu hizo hazifiki. Andika vifungu viwili.

Kuhusu tafsiri ya njia ya mteja, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2887 ya mwaka 2000 iliieleza kuwa ni jozi ya waya wa metali kutoka ncha ya mwisho ya mtandao kwa mteja hadi fremu kuu ya usambazaji au kifaa kinacholingana nayo. Usiyaache maneno hayo ya mwisho. Wateja wengine hawafiki kwenye fremu ya kituo kwa shaba, kwa sababu waya wao huishia kwenye kabati la barabarani lenye mitambo ndani yake, na mkataba unaotaja fremu peke yake huwaacha nje wote.

Mwandishi_wa_Mikataba:

Nawashukuru sana, mlango wa laini na mlango wa njia kuu sasa nimeuelewa. Naomba nimrudie Fundi: mteja akitaka kuhama na namba yake ya simu, fremu inaingia wapi? Na hitilafu ikitokea, pande mbili zithibitishe vipi ni ya nani?

Fundi_wa_Kituo:

Kuhama na namba ndipo mikataba mingi huteleza, maana kazi mbili hufanywa na watu wawili wasioonana. Mmoja yuko kwenye fremu anabadilisha jampa, mwingine anabadilisha taarifa za namba ili simu zielekezwe kwenye mtandao mpya. Taarifa zikitangulia, wanaompigia mteja wanapelekwa kwenye mtandao mpya wakati waya wake bado umefungwa kwenye swichi ya zamani: anaweza kupiga, lakini hapokei. Jampa ikitangulia, anapiga kupitia mtandao mpya, na simu za kuingia zinaishia kwenye nafasi ya swichi isiyo na mtu.

Dawa yake ni ya kikazi tu. Jampa mpya ipitishwe siku moja kabla, ifungwe upande wa kebo ya kiungo, na ncha yake ya upande wa barabara iachwe huru. Saa iliyokubaliwa ikifika, fundi aliyepo kwenye simu na mwenzake anafungua ya zamani, anafunga mpya, na papo hapo taarifa za namba zinabadilishwa. Mkataba utaje dirisha la saa, na uagize jampa ya zamani itolewe yote, kwani jampa zilizokufa zikiachwa hulundikana hadi hata mwenye fremu hawezi tena kuufuata waya kwa macho.

Kuhusu hitilafu, elewa kwamba jampa ya kwenda kwenye swichi ikishaondolewa, swichi haiwezi tena kuipima laini hiyo. Kipimo kifanyike kwenye bloku ya kebo ya kiungo, kwanza kuelekea barabarani jampa ikiwa imefungwa, kisha jampa ikiwa imetolewa na kipimo kikiwa kwenye nafasi ya mteja yenyewe. Vinapimwa vitu vichache: kama kuna volti ngeni, kama waya mmoja umegusana na mwenzake au na ardhi, na kama mzunguko umekatika. Hitilafu ikiwepo katika kipimo cha kwanza na ikakosekana katika cha pili, jampa ndiyo yenye kosa. Mpangaji apewe haki ya kuwepo au ya kupokea matokeo yaliyoandikwa yakiwa na namba ya bloku na ya nafasi.

Kanuni_na_Sera:

Nimekumbuka kifungu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Shaba inaondolewa, na fremu zinafungwa kituo kwa kituo kadiri nyuzi za kioo zinavyofika kwa wateja. Pendekezo la Kamisheni ya Ulaya la Septemba 2010 kuhusu mitandao ya kizazi kipya liliwataka wadhibiti wahakikishe kwamba kampuni zinazokodi zinaarifiwa angalau miaka 5 kabla ya sehemu ya maunganisho kama hiyo kufungwa, isipokuwa zimepewa njia nyingine iliyo sawa kabisa katika sehemu hiyo, ambapo muda unaweza kupungua. Rasimu yako itaje muda wake, kwa vyovyote mtakavyopatana, na iseme nani atalipia kuhamisha vifaa vya mpangaji pamoja na kebo ya kiungo aliyoilipia.