Kupe uwanjani: njia zipi za asili zinafanya kazi kweli?

Mdadisi_Uwanja:
Wadau, habari zenu. Uwanja ni kama mita 20 kwa 15, nyasi katikati, uzio wa mimea pande mbili, mti mkubwa pembeni na banda la mbwa chini yake. Mbwa anatolewa kupe leo, keshokutwa ana wengine. Sitaki dawa kali kwa sababu watoto wanacheza hapo na kuna tuta la mboga. Ushauri unaozunguka ni chumvi, siki, majivu, mwarobaini, kupanda mchaichai, kufuga kanga, hata kuchoma nyasi. Kipi kinafanya kazi, kwa kipimo gani, na kipi ni kupoteza muda?

ShambaDogo:
Kabla ya kumwaga chochote, jua kupe wako wanakaa wapi. Kupe hafi kirahisi kwa njaa. Kinachommaliza upesi ni kukauka. Wengi wanaoishi kwenye nyasi wanahitaji hewa yenye unyevu mwingi karibu na ardhi, ndiyo maana hushinda kwenye majani yaliyooza, kivuli na nyasi ndefu. Haruki wala haparami mtini akurukie kichwani. Hupanda jani la nyasi, akanyoosha miguu ya mbele, akangoja mnyama apite. Akianza kukauka hushuka chini kunywa unyevu, kisha hupanda tena. Ukimnyima mahali pa kushukia, kazi kubwa umeshaifanya bila dawa.

Pima hivi. Chukua kitambaa cheupe chenye manyoya, taulo zito au blanketi, mita 1 kwa mita 1. Funga upande mmoja kwenye fimbo, fimbo uifunge kamba, kisha kivute polepole juu ya nyasi umande ukishakauka. Kila mita 10 simama, geuza, hesabu. Kitambaa kikilowa kupe hawashiki, utadhani uwanja ni safi. Vuta katikati ya uwanja, vuta kando ya uzio, vuta chini ya mti, andika kila sehemu peke yake. Vaa soksi nyeupe na uingize suruali ndani yake. Angalia hata vidoa vidogo kama punje ya ufuta au chini ya hapo: wenye miguu 6 ni waliototolewa karibuni, wenye 8 wameshakula angalau mara moja.

Mara nyingi katikati utakuta karibu hakuna, na kando wamejaa. Basi kazi ni kando:

Fyeka nyasi zisizidi sentimita 8, na ulizozikata uziondoe, usiziache zioze palepale. Kwangua majani makavu chini ya uzio na mti mpaka udongo uonekane. Punguza matawi ya chini ya uzio, jua lipite hadi kwenye shina. Weka ukanda wa kokoto kavu au vipande vya mbao, upana wa mita 1, kati ya uzio na nyasi. Huo ukanda si ukuta. Kupe akibebwa na panya atauvuka vizuri tu, ila anayetembea mwenyewe anakaukia njiani. Kosa la kawaida ni kuacha ukanda ujae majani tena. Baada ya miezi michache umekuwa makazi mapya. Ukipungua unene, ongeza.

Kuni zipange juu ya kitu, sehemu kavu yenye jua. Mabaki ya chakula na nafaka zilizomwagika huita panya, na kupe wadogo wengi hula kwanza kwa panya. Bembea ya watoto iondoe chini ya mti uipeleke juani.

BwanaMifugo:
Nakubaliana na ShambaDogo, lakini hayo yote ni kwa kupe wa nyasi. Umesema kuna banda, na mbwa anapata wapya baada ya siku mbili. Hapo nashuku kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus. Tabia yake ni nyingine kabisa. Anamtegemea mbwa katika hatua zote tatu za kula damu, na kila akishiba hudondoka palepale mbwa anapolala. Jike aliyeshiba hutafuta ufa, mara nyingi akipanda ukuta juu hadi kwenye dari, hutaga mayai kwa maelfu mara moja tu, kisha hufa. Mazingira makavu humsumbua kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo kufyeka nyasi hakumgusi.

Kagua usiku kwa tochi: pembe za banda, chini ya ubao wa kulalia, kwenye viungo vya mbao, nyufa za plasta, na dari. Ukikuta vidogo vya kahawia vinapanda ukuta, tatizo lako liko bandani.

Na mbwa mwenyewe akaguliwe kila siku: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya ukosi, kwapani, kwenye kope, chini ya mkia. Jike huhitaji kama wiki moja kushiba. Ukimng'oa kabla ya hapo umefuta mayai yake yote, na sijui dawa ya kupulizia nyasi itakayoipita kazi hiyo ya dakika tano.

MkonoMbichi:
Nichukue orodha yako.

Chumvi: acha. Haiui kupe kwa viwango ambavyo udongo unaweza kuvumilia, na tuta la mboga litakufa kabla yao. Siki: ikishakauka haiachi kitu, na ikiwa kali inaunguza majani. Majivu: yakiwa makavu ndani ya ufa yanasaidia kidogo kwa kukausha. Yakilowa hayana kazi tena, na ukiyarudia bustanini unageuza udongo kuwa wa magadi.

Mchaichai kuupanda tu haufukuzi kupe. Mafuta yanayowakera yamefungwa ndani ya jani, hayatoki mpaka jani lipondwe. Hata yakitolewa na kunyunyiziwa, hupotea hewani upesi, jua na mvua zikimalizia. Ndivyo ilivyo kwa mafuta mengi ya mimea: yanafukuza kwa muda mfupi.

Mwarobaini una nafasi yake, ila usitegemee uue papo hapo. Kazi yake ni kuvuruga ulaji na kujivua gamba, kwa hiyo unawapata zaidi wachanga. Kipimo: sabuni ya maji mililita 2 na mafuta ya mwarobaini mililita 10 kwa kila lita ya maji. Koroga sabuni na mafuta kwanza kwenye maji kidogo ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, ndipo ujazie maji mengine. Ukimwaga mafuta moja kwa moja kwenye pampu yanaelea juu, unapulizia maji matupu mwanzo na mafuta matupu mwisho, na majani yanaungua. Tumia siku hiyohiyo. Pulizia jioni, kando ya uzio na chini yake, rudia kila siku 7 na kila baada ya mvua.

Unga wa diatomaiti, yaani unga laini wa mabaki ya mwani wa kale, ni mzuri sehemu kavu tu. Hukwangua na kunyonya nta inayomzuia kupe kukauka. Weka utando mwembamba kama vumbi juu ya meza. Ukiweka rundo kupe anazunguka. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi hilo linaumiza mapafu, na usitumie ule wa kuchujia maji ya bwawa la kuogelea, umechomwa na ni hatari zaidi kuvuta. Usiumwage kwenye maua, nyuki nao wanakufa.

Kama kuna kitu cha asili ninachokiheshimu kwa kupe wa nyasi ni kuvu ya Metarhizium. Zipo aina zilizotengenezwa kuwa dawa ya kuchanganya na maji. Vijimbegu vyake hushika ngozi ya kupe, huota na kupenya ndani, na kupe hufa baada ya siku kadhaa, si leo. Watu huilaumu bure kwa makosa haya: wameipulizia saa sita mchana na jua limeua vijimbegu, ardhi ilikuwa kavu, wamepulizia juu ya majani badala ya udongo na takataka za chini, au wametumia dawa ya ukungu ya mboga wiki hiyohiyo, nayo imeua kuvu yao wenyewe. Ihifadhi pa baridi, pulizia jioni ardhi ikiwa na unyevu, fuata kipimo cha kibandiko.

Kanga_na_Kuku:
Mbona kanga mnawaruka? Wanadonoa kupe kutwa nzima.

MkonoMbichi:
Wanadonoa wale wakubwa wanaoonekana juu ya nyasi mchana. Wadogo wa ukubwa wa punje hawawaoni, na hao ndio wengi. Isitoshe ndege mwenyewe anaweza kubeba kupe wachanga. Bandani usiku hawaingii. Kama unawafuga tayari, vizuri, waachie. Kununua kanga kwa ajili ya kupe peke yake, kwenye uwanja wa mita 20 kwa 15 wenye tuta la mboga, ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine, tena lenye kelele.

BwanaMifugo:
Kuku wana faida zaidi penye ng'ombe, kwa kuwa huokota wale walioshiba wakidondoka. Lakini banda la kuku nalo likiwa na nyufa hualika papasi, wanaotoka usiku kunyonya kuku na mchana hawaonekani.

Kuhusu kuchoma nyasi: moto unapita juu haraka, na walio kwenye udongo na chini ya mawe wanabaki. Wanyama waliobeba wengine wanarudi nyasi zikichipua. Karibu na nyumba na uzio, hatari yake hailingani na faida yake.

Mdadisi_Uwanja:
Asanteni sana. Matokeo: kitambaa mita 60 katikati, sifuri. Mita 40 kando ya uzio, wawili. Bandani kwa tochi, nimeacha kuhesabu. Wapo kwenye viungo vya mbao na juu kwenye dari. Je, nimhamishe mbwa na kulifunga banda mwezi mzima wafe njaa?

BwanaMifugo:
Usimhamishe. Kupe mzima wa aina hii anaweza kukaa mwaka na zaidi bila kula. Banda likiwa tupu, wenye njaa watatawanyika kutafuta pua inayopumua, na nyumba yako iko jirani.

Fanya hivi. Siku ya kwanza toa matandiko yote. Ya zamani yateketeze. Ya kubaki yafue kwa maji ya moto ya nyuzi 60, maji ya baridi hayawaui. Sugua kwa brashi ngumu kuta zote, ukianzia dari kushuka, na takataka zikusanye kwenye ndoo ya maji ya sabuni, usizifagilie nje. Ukiwa na mashine ya mvuke, pitisha mdomo wake polepole sana kwenye kila ufa. Ukikimbiza, joto haliingii ndani. Bila mashine, mimina maji yanayochemka kwenye nyufa za sakafu ya sementi, mbwa na watoto wakiwa mbali.

Likikauka kabisa, ziba. Nyufa za ukuta kwa sementi sehemu 1 na mchanga laini sehemu 3, viungo vya mbao kwa silikoni. Nyufa nyembamba zipakwe chokaa mara mbili, mbwa asirudi mpaka ikauke. Usipoweza kuziba ufa fulani, hapo ndipo pa unga wa diatomaiti, ndani kabisa, mbwa asiuvute.

Rudia kusugua na mvuke kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa miezi mitatu isiyopungua. Mayai huchukua takribani wiki 2 hadi 5 kutotolewa, na mvuke wa siku ya kwanza hauyafikii yote. Wengi huacha wiki ya tatu kwa sababu hawaoni kitu, halafu mwezi wa pili wanasema kupe wamerudi. Hawakuwa wameondoka.

Sasa neno usilolipenda. Kwa kupe huyu, mbwa asipokingwa, banda utalisugua mpaka uzee. Ongea na daktari wa wanyama kuhusu kinga ya mbwa mwenyewe. Mbwa aliyekingwa akilala bandani anageuka mtego: kila kupe anayempanda anakufa bila kutaga. Dawa hiyo haimwagiki kwenye mboga wala nyasi, kwa hiyo uwanja wako unabaki wa asili. Na usimpake mbwa mafuta ya mimea yasiyozimuliwa. Mafuta ya mti wa chai yanaweza kumlewesha sumu, na kama kuna paka nyumbani hatari ni kubwa zaidi.

ShambaDogo:
Wale wawili wa kando ya uzio hawahitaji kupuliziwa chochote. Kwangua majani, weka kokoto, vuta kitambaa tena baada ya wiki sita palepale, umbali uleule.

Mdadisi_Uwanja:
Sawa, naanza na dari Jumamosi. Na kung'oa kupe kwa mbwa: mafuta ya taa au kiberiti?

BwanaMifugo:
Hapana, vyote viwili vinamkera kupe atapike mate yake ndani ya jeraha. Kibano chenye ncha nyembamba, shika karibu kabisa na ngozi, vuta juu moja kwa moja bila kusokota wala kukwanyua. Usimpasue kwa kucha. Mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti, jeraha lisafishe, nawa mikono. Kichupa kiandike tarehe, ukihesabu waliomo kila wiki utajua banda linaelekea wapi.