Nimeokoka lakini bado najiona mtu wa kuonewa, nitokeje hapa?

Mtafuta_Amani:
Shalom wapendwa. Naombeni mnisaidie, hili jambo linanisumbua sana. Nina mwaka wa 6 kwenye wokovu, naomba, nafunga, Biblia nasoma, ila kuna kitu ndani yangu hakitoki. Baba alitutelekeza nikiwa na miaka 9, nikalelewa kwa ndugu, nikanyanyasika kweli, hapo sitii chumvi. Sasa ni mtu mzima lakini yaani kila kitu nakipima kwa yale. Bosi akinirekebisha naona kanionea, mtu asipojibu meseji naona kanidharau, nafasi ya kazi ikitoka siombi kabisa maana najiambia watu kama mimi hatupewi. Juzi rafiki yangu wa karibu kaniambia "kila nikikuletea habari njema wewe unamleta baba yako." Niliumia, nikamkasirikia, usiku nikakaa nikaona hajakosea. Hivi imani inamsaidiaje mtu kama mimi? Nimeombewa mara nyingi, narudi vilevile.

Baba_Watatu:
Pole sana dada. Nikupe yangu kwanza. Nilidhulumiwa na mtu niliyefanya naye biashara, rafiki yangu kabisa, akaondoka na mtaji wote. Kila aliyekaa na mimi dakika 10 lazima hiyo stori aisikie. Siku moja kaja mgeni nyumbani, mimi niko chumbani navaa, nasikia mwanangu wa miaka 7 anamsimulia "baba alikuwa na hela nyingi rafiki yake akachukua ndo maana hatuna", kwa maneno yangu yaleyale, mpaka ile pumzi ninayovutaga kabla ya kusema "nilimwamini". Aisee nilikaa kitandani kiatu kimoja mguuni. Mtoto mwenyewe alikuwa hata hajazaliwa hayo yanatokea!

Ndipo nikaielewa Yohana 5. Yule mgonjwa wa birika la Bethzatha, pale walipoamini anayetangulia kuingia maji yakitibuliwa ndiye anayepona, ana miaka 38 kwenye ugonjwa, Yesu anamuuliza "Wataka kuwa mzima?" Swali la ndiyo au hapana tu. Yeye anajibu hana mtu wa kumtia birikani, na akienda mwingine anamtangulia. Na si muongo, ni kweli hakuwa na mtu. Zamani nikisoma hapo nilikuwa naona swali lenyewe gumu kwa mgonjwa, siku ile nikaona kitu kingine, ameulizwa habari za kesho yake akajibu habari za waliompita. Ndo mimi kabisa. Halafu angalia, Yesu hakubishana naye, hakumwambia acha kulalamika, wala hakuwatafuta waliomtangulia, alimwambia "Simama, jitwike godoro lako, uende." Godoro hakuambiwa alitupe, alilolalia miaka yote sasa analibeba yeye. Yaliyonipata sikuyafuta, niliacha kuyalalia. Cha kwanza nilichofanya ni kuacha kuisimulia ile stori nyumbani, na wiki za mwanzo nilikuwa sina hata la kuongea mezani.

Mama_Faraja:
Nakubaliana na kaka hapo juu ila niweke tahadhari, maana makanisani tunaumiza watu kwa hili. Kuonewa kupo. Mtu anapigwa ndani ya ndoa anaambiwa "kemea roho ya kujihurumia", hapana jamani, huyo aondoke kwenye hatari na aripoti, kusamehe siyo kurudi kupigwa. Na kulia siyo kukosa imani, Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", na Yusufu na ukuu wake wote Misri alijitenga na ndugu zake akalia. Hao ndugu ndio waliomtupa shimoni, akauzwa vipande 20 vya fedha, alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, kusimama mbele ya Farao ana 30. Watu tunarukia Mwanzo 50:20 "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema" kana kwamba aliyasema akiwa shimoni! Aliyasema miaka mingi baadaye, baba yao ameshakufa, na hata hapo anaanza kwa kukiri kwamba yalikuwa mabaya.

Kwa hiyo mdogo wangu usijilazimishe kusema baba hakukukosea. Alikosea. Ila hayupo ofisini kwako. Bosi akikurekebisha jiulize palepale, huyu ni bosi au namwona baba? Mimi huwa naomba kasala kafupi tu, Bwana nionyeshe aliye mbele yangu. Na tafuta mchungaji anayejua kusikiliza au mtaalamu wa saikolojia uongee naye, hayo na maombezi havigombani.

Kijana_wa_Neno:
Niongeze Ruthu 1. Naomi, aliyefiwa na mume na wanawe, anawaambia wanawake msiniite Naomi niiteni Mara, yaani mchungu, BWANA amenirudisha sina kitu, na Ruthu mkwewe amerudi naye, yupo hapohapo! Uchungu ulimfanya asimhesabu mtu aliyenaye. Dada, huyo rafiki aliyekwambia ukweli ndo Ruthu wako, mpigie leo.

Mtafuta_Amani:
Nimesoma zote nimelia. Hilo la kuulizwa kesho ukajibu waliokupita limenishika kweli. Rafiki nimempigia, nimemwomba msamaha, katikati ya maongezi nikajikuta naanza "unajua baba…" nikanyamaza, naye akanisubiri tu. Kuna nafasi imetangazwa kazini, mwisho Ijumaa. Fomu nimeifungua, mpaka sasa nimejaza jina na tarehe ya kuzaliwa. Niombeeni nimalizie.