Udongo bado umelowa na miche imezidi umri kwenye trei, tupande tu au tusubiri?

MamaMiche
Habarini wakuu, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshaanza kukwaruzana. Tuna kashamba ka familia, eka 2 tu, tunalima mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wakitoka shule, na wanachama 40 walishalipia hisa zao kabla ya msimu ili kila wiki wachukue kapu la mboga. Kapu la kwanza tumeahidi wiki 6 kuanzia leo. Sasa majira haya ya kuchipua mvua haijatupa nafasi kabisa, jua siku mbili halafu inanyesha tena, usiku baridi bado kali, na miche ya kabichi, koliflawa na letusi imeshapitiliza. Jana nimechomoa mmoja kwenye trei, mizizi imezunguka mpaka imechukua umbo la kile kitundu, nyeupe tupu, udongo huuoni, na majani ya chini yameanza kuwa njano. Mume wangu anataka Jumamosi aingize tila, ile mashine ndogo ya kulimia, tupande hivyo hivyo, anasema pesa za watu tumeshazimalizia kwenye mbegu na mbolea kwa hiyo hatuna uso wa kuchelewa. Mimi roho inasita. Na nikiwaambia wanachama si watadai hela zao? Mliopitia haya mlifanyaje?

MzeeWaMatuta
Mwanangu, nakuomba hiyo tila isiingie kwanza. Nenda na mumeo shambani, chimbeni kama sentimita 15, msiokote udongo wa juu maana wa juu unadanganya, upepo umeukausha wakati chini ni uji. Ufinyange kwenye kiganja uwe donge halafu ulibonyeze kwa kidole gumba. Likimeguka vipande vipande, pandeni. Likibonyea tu na kubaki na alama ya kidole, linang'aa kama linataka kufinyangwa chungu, rudini nyumbani. Sisi mwaka mmoja tuliingia tukiwa na haraka kama yenu, udongo wetu una mfinyanzi mwingi, ile tila ikatoa mabonge, jua lilipowaka yakawa matofali, mpaka mwisho wa msimu tunayavunja na jembe la meno na karoti zote zikatoka na miguu miwili mitatu. Wiki mbili tulizodhani tumeokoa zilitugharimu msimu mzima, na hata mwaka uliofuata pale maji yalikuwa yanatuama.
Kingine, tafuteni turubai jeusi mfunike matuta machache sasa hivi, muweke mawe au mifuko ya mchanga kingo zote. Mvua inateleza pembeni, chini hakuongezeki maji, na magugu yanayoota hapo gizani yanakufa yenyewe. Angalau mtakuwa na sehemu ndogo iliyo tayari wakati kwingine bado tope.

Kitalu_Chetu
Naunga mkono mzee. Kuhusu miche dada usiitupe yote. Huo unjano wa majani ya chini mara nyingi ni njaa, ule udongo kidogo wa kwenye trei umeishiwa chakula, ipe mbolea ya maji iliyochanganywa nyepesi na uangalie majani mapya yanatokaje. Kabichi ihamishie kwenye vyombo vikubwa kidogo, ukihamisha ile mizizi iliyozunguka iachanishe taratibu kwa vidole usiogope kukata michache. Letusi nayo inavumilia. Koliflawa ndiyo sina imani nayo, ikikaa sana kwenye trei inafanya kikichwa kidogo kama kitufe na haikui tena, kwa hiyo mimi ningesia nyingine leo leo, trei moja ya akiba haiumizi mtu.
Halafu mchana miche yote itoe nje masaa machache, uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10 izoee upepo na jua, usiku irudi ndani. Nyanya usiziguse mpaka udongo ufike kama nyuzi 15 hata kama jirani kashapanda, zitadumaa tu zikuangalie.
Kwa makapu ya mwanzo, kwenye lile tuta la turubai sia figili, hali ikiwa nzuri siku 25 hadi 30 unang'oa, kwa baridi hii ongeza wiki. Pia machipukizi ya njegere unaotesha ndani kwenye trei, wiki 2 hadi 4 unakata.

NasubiriKapu
Mimi si mkulima, mimi ni mwanachama wa shamba kama lenu, na hili la kudai hela ndilo limenifanya niandike. Tukilipia hisa mapema tunakubali kubeba na mkulima msimu ulivyo, mtindo huu hata Japani walikouanza miaka ya 1970 familia zilikuwa zinajifunga na mkulima, sio zinanunua mboga tu. Kilichowahi kuniudhi ni shamba letu kukaa kimya, naenda na kikapu changu nakuta meza tupu. Mwaka uliofuata walituma meseji mapema na picha ya maji yamesimama kati ya matuta, wakasema tunaanza wiki mbili baadaye na tunamaliza wiki mbili baadaye, idadi ya makapu ile ile. Hakuna aliyedai hata senti, watu watatu tulienda kusaidia kuatika miche. Waandikie wanachama wako mama, waandikie leo.

MamaMiche
Asanteni sana jamani. Nimemsomea mume wangu majibu yote, tukatoka na donge lake mwenyewe mkononi, alama ya kidole gumba ikabaki pale pale imeng'aa, hakubisha. Ila kona ya juu karibu na uzio ambako maji hayakai udongo ulimeguka vizuri kabisa, hiyo tumeilima kwa mkono, mama mkwe kasia figili mistari minne. Turubai limeshawekwa. Meseji nimeituma kwa wanachama wote na picha ya tope, mpaka sasa wamejibu 11, mmoja anauliza Jumamosi aje na buti saa ngapi.