Naomba ushauri: kuzunguka Iceland kwa gari mwezi wa kumi

Wakuu, habari zenu. Mimi na marafiki tunaoishi Ujerumani tunataka kuzunguka Iceland kwa gari. Barabara Namba 1, ile inayoizunguka nchi, ina kilomita kama 1,300, na tumekubaliana tusikimbizane nayo.

Kinachoninyima usingizi ni upepo. Nasikia ukifungua mlango bila kuushika kwa nguvu, upepo unaupindua hadi bawaba zinakatika, na bima nyingi hazigusi hilo. Kusini, upande wa Vík, mchanga mweusi ukipeperuka unakwangua rangi na kutia vioo ukungu. Bima yake unanunua pembeni.

Wenzangu wanataka gari lenye vitanda ndani, kukwepa bei za hoteli. Mimi naona litayumba kama dau. Gari dogo la kawaida lenye tairi za theluji litatosha, au tukodi 4x4? Njia za milimani hatuna mpango nazo.

Halafu kuna rafiki anatoka Dar, ndiyo kwanza anafuatilia viza ya Schengen. Amezoea kuendesha kushoto, kule ni kulia, na madaraja mengine ni ya gari moja moja. Apewe usukani au tumpe kazi ya kupika chai? Waliofika naombeni mnifungue macho.